Ganda la korosho: barua kwa mwanangu aliyeko Mlimani

Mikindani, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marhaba. Ujumbe wako kutoka Mlimani, hapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nimeusoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili bibi yako asikie. Umeuliza: "Mama, kila hafla tunaambiwa hapa wamepita marais. Sisi tunaosoma kemia, ambao hata udiwani hatuutaki, tumefuata nini?" Bibi akacheka, akasema nikujibu vizuri usije ukaacha chuo. Kwenye simu salio lingeisha katikati, ndiyo maana naandika.

Tuanze na hao marais, maana ndio wanaokukera. Hayati Magufuli alikuwa mwalimu wa kemia na hisabati Sengerema, kisha mkemia katika chama cha ushirika cha Nyanza, ndipo akaingia bungeni 1995. Udaktari wake wa kemia aliupata hapo hapo Mlimani mwaka 2009, tayari ni waziri. Unajua alichunguza nini? Mafuta ya ganda la korosho. Ndani yake mna asidi ya anakadiki, naye alikuwa anatazama kama utando wake mwembamba ukishika kwenye chuma unaweza kukikinga na kutu. Novemba 2018, akiwa Rais, alitangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaletwa huku kwetu kuzisomba. Msimu ule una mengi na si ya barua hii. Ila mtu aliyeyaagiza malori yale alikuwa amelisoma ganda lenyewe kwa ndani, na hilo sijui kama wanawaambia kwenye hafla zenu.

Nilipomweleza bibi yako habari hiyo, alinyamaza, akavitazama vidole vyake. Unavijua. Miaka yote aliyobangua kwa mkono pale Newala, anazikaanga korosho kwenye karai lililotobolewa, mafuta yanachuruzika motoni yanalipuka, moshi unachoma macho, halafu anapaka majivu mikononi kabla ya kushika jiwe. Majivu hayakutosha. Ngozi ilibabuka, ikawa nyeusi, ikabanduka, ikaota nyingine. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ngozi hiyo. Akaniuliza, "Kumbe yale yana jina?" Nikamwambia yana jina. Akasema hata yeye alijua yanakamata chuma, maana karai lake halikushika kutu. Mimi sikumbishia. Wewe ndiye mwenye maabara.

Museveni naye. Alisoma siasa Mlimani akamaliza 1970, siku zile Walter Rodney wa Guyana anafundisha historia, kabla hajatoa kitabu chake cha 1972 kuhusu Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Watu wanamkumbuka Museveni kwa vita na kwa ikulu. Mimi namkumbuka kwa tasnifu yake ya mwanafunzi: alivuka na wenzake kwenda maeneo ambayo FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa wameyakomboa kaskazini ya Msumbiji, akaandika juu ya vita vile. Hiyo ni ng'ambo ya Ruvuma yetu, mwanangu, kwa shangazi za babu yako. Wamakonde wa huko walikuwa mada ya mtihani wa mtu, na sidhani kama kuna aliyewarudishia majibu.

Unaona ninakoelekea? Kila nikifuatilia mtu wa Mlimani aliyepata jina, namkuta na vumbi la kusini kwenye viatu.

Mwaka 1968 idara ya historia iliwatuma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka Majimaji, vita vya wazee wetu dhidi ya Wajerumani, John Iliffe na Gilbert Gwassa wakisimamia. Wakati ule bado walikuwapo watu walioyaona ya 1905 kwa macho yao, tangu pamba ilipong'olewa kule Nandete. Vijana wa miaka ishirini na kitu, daftari mkononi, wanakaa kwenye jamvi wanamsikiliza mzee. Wengi wao hatujui walikoishia, pengine walimu, pengine mabwana shamba. Lakini mtu yeyote anayetaka kuandika habari za vita vile bado anayapekua madaftari yao. Nilipofika mimi 1992 tuliyasoma kama tunavyosoma msahafu.

Na mwaka uliofuata, 1969, Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, akiwa kijana wa Mlimani vilevile, akatoa tamthilia yake ya Kinjeketile, juu ya yule mganga wa maji ya Majimaji. Baadaye akaenda kuchukua udaktari wa tamthilia Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin ya Mashariki, akarudi kufundisha. Hapa kuna jambo ambalo hunichekesha na kuniuma kwa pamoja. Chuo hicho hicho ndicho kilichokuwa na jumba la makumbusho aliposimamishwa yule mjusi wetu wa Tendaguru kule Lindi, yaani dinosaria, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyesifiwa na Wajerumani wenyewe kwa mikono yake. Cheti hakuwa nacho hata kimoja. Basi mtoto wa Kilwa anavuka bahari kusomea sanaa, anamkuta jirani yake wa Lindi amesimama ukumbini tangu 1937.

Wa kwetu wa bwenini tulikuwa wanne. Mmoja ana duka la saruji na mabati Masasi na hakuna mteja anayemshinda kwa hoja, alisoma sheria. Mmoja tulimzika mapema. Wa tatu, yule unayemwita mama mkubwa, alisoma botania akaajiriwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele. Ulipokuwa mdogo ulimkimbia kwa sababu alinuka salfa. Ulikuwa hujui kwamba mwaka 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000 za korosho, na katikati ya miaka ya themanini zikashuka chini ya 20,000. Ubwiriunga ulikuwa mmoja wa wauaji, ule unga mweupe kwenye maua. Watafiti wa Naliendele ndio waliopima salfa ipulizwe lini na kiasi gani, mti kwa mti, na kutafuta miche inayostahimili. Hajawahi kualikwa kwenye hafla yoyote ya wahitimu mashuhuri. Mikorosho ya bibi yako inachanua.

Wa nne ni mimi, na swali lako nimelisikia lilivyojificha: mbona wewe ulirudi? Nilirudi kwa sababu nilipangiwa kituo Mtwara na bumu, posho yetu ya wanafunzi, lilikuwa limekwisha. Sababu nzuri zaidi nilizitunga baadaye. Nimefundisha historia miaka ishirini na nane, nikisahihisha madaftari kwa taa ya chemli, na kuna siku nilijuta. Hilo nakuambia kwa sababu wewe ni mtu mzima.

Kuhusu kile kiporo cha hisabati, ufanye mtihani wa marudio, usidisko, ukafukuzwa chuo kwa uvivu. Mengine utaamua.

Nimempa kondakta wa basi la kesho alfajiri kifurushi chako, kapokee mwenyewe Mbagala. Mna kilo mbili za korosho za kukaanga, mgawie mwenzako wa chumbani, na usiniambie mnakaa hosteli ya Mabibo halafu hamjui kwamba bibo ni tunda la mkorosho. Chini kabisa, kwenye mfuko wa kaki, mna thelathini hivi zenye maganda yake. Hizo ni za maabara. Bibi yako amezichagua moja moja, na anasema usizibangue kwa meno.

Mama yako