Maswali na Majibu: Mikataba ya Kukarabati Nyumba

Swali: Kaka yangu anaishi Marekani. Ananiambia baraza la jiji lake limepitisha mikataba ya kukarabati nyumba za wananchi mtaani kwao, na wakandarasi wameshaanza kubadilisha mapaa. Kwa nini madiwani wetu wasipitishe mikataba ya namna hiyo?
Msomaji, Katubuka, Kigoma

Jibu: Ndugu msomaji, fedha anazozisema kaka yako mara nyingi hutoka serikali kuu ya Marekani, kupitia ruzuku ya maendeleo ya jamii iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1974. Miji yenye watu 50,000 na zaidi huipata moja kwa moja. Ili nyumba ya huko iingie kwenye ukarabati, kwa kawaida kipato cha kaya kisizidi asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo lake. Mkaguzi wa jiji hupita, huandika kila kinachotakiwa kufanyika, kisha wakandarasi hushindanishwa bei. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 huangaliwa kwanza kama rangi yake ina madini ya risasi (lead), maana vumbi lake huwadhuru watoto. Hayo yakishakamilika ndipo baraza hupiga kura. Wala si zawadi tupu: miji mingi huandikisha deni juu ya nyumba, likafutwa kidogo kidogo kadiri mwenye nyumba anavyoendelea kukaa. Akiuza mapema, hulipa.

Hapa kwetu bajeti ya halmashauri hugharamia majengo ya umma: madarasa, zahanati, nyumba za walimu na watumishi. Hata kwa hayo, diwani hapitishi mkandarasi. Baraza la Madiwani hupitisha bajeti. Zabuni hutangazwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, Bodi ya Zabuni ndiyo huidhinisha mshindi, na Mkurugenzi, ambaye ndiye Afisa Masuuli (mwenye dhamana ya fedha za halmashauri), husimamia mkataba. Madiwani hawaingii kwenye bodi hiyo, na ni vizuri iwe hivyo, kwa sababu anayetakiwa kuhoji kazi mbovu asiwe ndiye aliyemchagua aliyeifanya.

Kazi nyingi za ukarabati hufanywa kwa fosi akaunti: mafundi wa hapa hapa, vifaa vikinunuliwa na kamati. Kamati huwa tatu, ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Ukitaka kujua fedha za nyumba ya mwalimu mtaani kwenu zimekwendaje, anza na ya mapokezi, kwa maana hiyo ndiyo inayosaini kwamba mifuko 60 ya saruji imefika. Uliza kwenye mkutano wa mtaa, uombe usomewe daftari la vifaa. Mifuko iliyopokelewa ikipishana na iliyotumika, pengo litaonekana hapo kabla ya kuonekana ukutani.

Swali: Nyumba yetu ya urithi ni ya matofali mabichi. Tumepiga lipu ya saruji mara mbili na kila masika inabanduka kuanzia chini. Fundi anasema safari hii tuzidishe saruji. Je, ni sahihi?
Mama wa familia, Rubuga, Ujiji

Jibu: Hapana, mama yetu. Ukizidisha saruji, lipu itabanduka kwa vipande vikubwa zaidi. Tofali bichi likipata maji huvimba, likikauka husinyaa. Lipu kali ya saruji hainyumbuki na haipitishi unyevu vizuri, kwa hiyo maji yanayopanda kutoka ardhini hukwama nyuma yake, udongo unalainika, na lipu inaachia ukuta. Ndiyo maana huanzia chini, usawa wa goti au kiuno. Ukibisha hodi kwa kidole ukasikia mlio wa uwazi, hapo imeshaachia hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Msianze na lipu, anzeni na maji. Paa lichomoze angalau sentimita 60 nje ya ukuta. Kuzunguka nyumba mwageni mkanda wa zege wenye upana wa sentimita 75 hivi, ukiinamia nje, na mfereji uwepo wa kupokea maji ya paa. Ardhi ya nje ikiwa imepanda kuliko sakafu, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za zamani za Ujiji, ichimbwe ishuke. Fundi atakayewaambia kazi hiyo si muhimu anawaandalia lipu ya nne.

Halafu bandueni lipu yote inayolia uwazi, mpite nusu mita juu ya mwisho wake, na mwache ukuta ukauke. Kazi hii ni ya kiangazi, kuanzia Juni, msiifanye Novemba mvua zikiwa zimeanza. Kwangueni viungo vya matofali viingie ndani sentimita moja. Tandazeni wavu wa kuku, mkiufunga kwa misumari ya inchi tatu yenye vizibo vya soda, kila sentimita 30, ili wavu usipite kwenye kichwa cha msumari. Lowesheni ukuta kwa kunyunyiza, usimwagiwe. Rusheni kwa mwiko tabaka jembamba la saruji moja kwa mchanga tatu, likae siku mbili huku likinyunyiziwa. Kisha ndipo ipigwe lipu yenyewe: saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, unene wa milimita 15. Chokaa ndiyo inayoifanya lipu ivumilie ukuta unaocheza.

Kwa ukuta wa mita 4 kwa 3, lipu hiyo itataka ndoo 12 za mchanga za lita 20, ndoo mbili za saruji na ndoo mbili za chokaa. Ukijumlisha tabaka la kurushia, saruji haifiki mifuko miwili ya kilo 50, na mchanga ni ndoo 15 hivi. Fundi akiwaandikia mifuko minne kwa ukuta huo, mwambieni awaonyeshe hesabu. Ukuta uliopinda sana huongeza kidogo, lakini hauongezi mara mbili.

Mchanga uwe wa mto na uoshwe. Jaza chupa nusu, ongeza maji, tikisa, iache saa tatu. Tope litakaa juu ya mchanga. Likizidi sehemu ya kumi ya kimo chote, rudisha mzigo. Lipu ikimalizika, mwagilieni asubuhi na jioni kwa siku saba. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia: fundi keshalipwa, maji ni ya kununua, na hakuna aliyeandikwa kuwa ndiye mwenye jukumu la kumwagilia.

Swali: Nyumba yangu Kibirizi iliingiwa na maji ya ziwa. Sasa yameshuka kidogo. Niinue msingi au nisubiri?
Mvuvi

Jibu: Pima kwanza umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukiwa ndani ya mita hizo, saruji utakayomwaga haina ulinzi wowote siku utakapotakiwa kuondoka. Isitoshe, Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo, kwa hiyo mvua za miaka mfululizo zikizidi, maji hupanda na huchukua muda mrefu kushuka. Tunakushauri usiinue msingi hapo. Weka fedha kwenye vitu vinavyobebeka: bati, milango, madirisha, mbao za kenchi. Tafuta kiwanja upande wa juu ukiwa bado na nguvu ya kujenga.

Swali: Nataka kubadilisha paa na kuongeza chumba kimoja. Fundi anataka nusu ya fedha mkononi ndipo aanze. Tuandikiane vipi?
Baba, Gungu

Jibu: Kwa chumba cha kuongeza, pita kwanza ofisi za manispaa uulizie kibali cha ujenzi, kwa sababu ukuta mpya na mzigo mpya wa paa si matengenezo madogo.

Usitoe nusu. Nunua vifaa mwenyewe, umlipe ufundi tu, kwa hatua unazoweza kuziona: paa la zamani limeshushwa na mbao nzima zimetengwa; kenchi na papi (mbao za kupigilia bati) zimesimama; bati limeezekwa; kazi imekabidhiwa. Kianzio kikiwa sehemu ya kumi kinatosha kwa nauli na chakula cha vibarua.

Kwenye karatasi msiandike "kubadilisha paa" mkaishia hapo. Andikeni gage ya bati, mkikumbuka kwamba namba ikipanda bati linakuwa jembamba: gage 28 ni nene kuliko 30, na 32 ndilo jembamba zaidi ya hayo matatu. Andikeni mbao zilizotiwa dawa, maana mchwa wa Kigoma hawasubiri, na kipimo chake. Andikeni nafasi ya papi isizidi sentimita 90, na msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, usipigwe bondeni maji yanapopita. Wekeni tarehe ya kumaliza, na nani atalipia mbao zikikatwa vibaya. Sainini mbele ya mashahidi wawili, nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa.

Asilimia 10 ya ufundi izuie mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite, na hilo liandikwe tangu mwanzo ili fundi asione amedhulumiwa. Siku mvua inyeshe, ingia darini na tochi ukague kila tundu la msumari na maungio ya bati. Panapovuja paandike, mwite aje arekebishe, halafu umlipe iliyobaki siku hiyo hiyo.