Kwa nini wanarudisha nyama nyingi hivyo? Nimefanya kazi kwenye mashine ya kusaga

Mkuu, umeuliza kama Wamarekani hawazidishi: watu wanne wameharisha, malori ya nyama ya kusaga yanarudishwa kutoka madukani, wakati sisi Dodoma tumekula ya buchani miaka yote. Nimekulia kwenye bucha la mjomba hapo hapo Dodoma, na sasa nina miaka mitano kwenye kiwanda cha nyama Nebraska, huku Marekani, kitengo cha kusaga.

Steki na nyama ya kusaga ni vitu viwili. Kwenye steki, vijidudu vya kinyesi hukaa juu na moto unavimaliza. Ukisaga, vya juu vinaingia katikati. Na kwenye mashine yetu hasagwi ng'ombe mmoja, vinamwagwa vipande vya ng'ombe wengi kwa pamoja. Januari 1993 baga za mgahawa wa Jack in the Box zilizokuwa na bakteria wa E. coli O157 ziliwafanya watu zaidi ya 700 waugue na kuua watoto 4. Mpaka wakati huo ukaguzi ulikuwa wa macho, mikono na pua, na bakteria haonekani. Mwaka 1994 ndipo serikali ya huku ikasema nyama mbichi ya kusaga yenye O157 ni chafu kisheria, haiuzwi.

Sasa lililotukuta. Sampuli iliyochukuliwa dukani ilikutwa na bakteria huyo. Mzigo wa kurudishwa huhesabiwa usafi hadi usafi, yaani tangu mashine ilipooshwa na kupigwa dawa mpaka ilipooshwa tena. Mkaguzi akaomba karatasi ya usafi wa usiku ule. Haikujazwa. Mimi najua waliosha, niliingia asubuhi sakafu ingali na maji, lakini neno langu haliwezi kusimama mahali pa karatasi. Ikarudishwa nyama ya siku mbili badala ya moja. Na iliyorudi kweli ilikuwa kidogo sana, kwa sababu watu walishaila. Hilo linaniuma mpaka leo. Tangazo linatoka, mama wa watu ameshawapikia wanawe.

Ndiyo maana naumia zaidi nikikumbuka nyumbani. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza na watu, ilipofika Dodoma, nyama ilining'inia kwa mjomba bila mnunuzi. Wachache waliokuja waliuliza kitu kimoja tu, muhuri uko wapi, naye akawa anawageuzia paja waone wino. Ule wino maana yake mkaguzi amemwona mnyama akiwa hai, kisha amepasua tezi, ini na mapafu. Baada ya hapo nyama inakatwa kilo kilo, inaingia kwenye mfuko, na hakuna namba ya kumfuatia mteja. Sisi hatuna cha kurudisha. Machinjioni ndipo pa kwanza na pa mwisho, kwa hiyo nyama iliyochinjwa kichochoroni usiku ikaletwa kwa pikipiki, hata ikiwa nafuu kwa elfu mbili, mimi sili na siwapi wanangu.

Na ndugu yako aliyeko huku mwambie nyama ya kusaga aipike mpaka katikati ifike nyuzi 71 za Selsiasi, rangi inadanganya. Asitupe karatasi ya pakiti akiiweka friza. Kuna namba ya kiwanda imeandikwa EST, na tangazo likitoka hutaja hiyo. Mimi huikata nikaibandika juu ya mfuko.