Maswali na Majibu: Maumivu ya Upande wa Nje wa Nyonga

Nina umri wa miaka 52. Usiku nikilalia upande wa kulia, nyonga huniuma hadi ninaamka. Nimeambiwa kwamba kifuko cha ute kimevimba. Ni kifuko gani hicho?

Ukiweka kiganja ubavuni, chini ya kiuno, utagusa nundu ngumu ya mfupa. Hiyo ni sehemu ya juu ya mfupa wa paja, na hapo ndipo zinaposhikamana kano za misuli ya makalio, misuli ambayo huzuia kiuno kisilalie upande mmoja kila unapoinua mguu kupiga hatua. Juu ya kano hizo hupita utepe mgumu wa nyuzi unaoteremka hadi gotini, na kati ya utepe huo na kano kuna vifuko vyembamba vyenye ute kidogo, ambavyo kazi yake ni kupunguza msuguano. Vikibanwa mara kwa mara, vinaweza kuvimba na kuuma.

Hata hivyo, ningependa uelewe kwamba kifuko mara nyingi si chanzo cha tatizo. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya ultrasaundi vya wagonjwa 877 wenye maumivu kama yako: takriban mmoja kati ya watano tu ndiye aliyekutwa na kifuko kilichovimba, ilhali karibu nusu yao walikuwa na kano zilizochakaa. Kwa hiyo matibabu yanayolenga uvimbe peke yake huacha kando kano zenyewe, ambazo zimelemewa na zinahitaji kuimarishwa. Hali hii huwapata zaidi wanawake wenye umri wa kati ya miaka 40 na 60.

Kwa usiku, lala chali ukiweka mto chini ya magoti, au lalia upande usiouma na uweke mto mnene kati ya miguu, kuanzia magotini hadi kwenye vifundo, ili paja la juu lisiangukie mbele na kuivuta nyonga inayouma.

Je, nipumzike mpaka maumivu yaishe? Rafiki yangu amenishauri niinyooshe nyonga kwa kuvuta goti hadi bega la upande wa pili.

Zoezi hilo liache kwa sasa. Paja linapovutwa kuvuka katikati ya mwili, utepe nilioueleza huzikandamiza kano dhidi ya mfupa, na kano inayouma haivumilii kukandamizwa. Ndivyo inavyokuwa pia unapokaa ukiwa umepishanisha miguu, unapoketi kwenye kiti kifupi kinachoyafanya magoti yawe juu kuliko nyonga, au unaposimama kwa muda mrefu ukiegemeza uzito wote kwenye mguu mmoja. Watu wengi hufanya mambo haya siku nzima bila kujua, kisha hushangaa kwamba dawa haziwasaidii.

Kupumzika kabisa nako hudhoofisha misuli unayoihitaji. Punguza ngazi, vilima na mbio, lakini endelea kutembea kwa kiasi unachokimudu. Anza mazoezi kwa upole: lala chali, kunja magoti, funga mkanda kuzunguka mapaja, kisha yasukume taratibu kwa nje dhidi ya mkanda huo bila kuyaachanisha. Ukizoea, inua makalio ukiwa umelala hivyo hivyo, na baadaye fanya zoezi la kuketi na kusimama polepole huku magoti yakielekea mbele, yasiingie ndani. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanakubalika iwapo yatakuwa yametulia kufikia asubuhi inayofuata. Yakizidi usiku huo, punguza kiasi, usiache. Tarajia wiki kadhaa, pengine miezi, na ukiweza, simamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia.

Nimependekezewa sindano ya steroidi. Niikubali?

Sindano hiyo, ambayo ni ya dawa ya kutuliza uvimbe, si kosa, na kwa mtu ambaye maumivu yanamnyima usingizi inaweza kumpa nafasi ya kuanza mazoezi. Ila isichukue nafasi ya mazoezi. Katika utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2018 kwa watu 204, baada ya wiki 8 walioona mabadiliko mazuri walikuwa takriban asilimia 77 kati ya waliopewa elimu na mazoezi, asilimia 58 kati ya waliochomwa sindano, na asilimia 29 kati ya waliosubiri tu. Mwaka mmoja baadaye, kundi la mazoezi bado lilikuwa mbele. Mwenye kisukari amweleze daktari kabla ya kuchomwa, kwa kuwa steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Vipi kuhusu vidonge?

Ibuprofeni au diklofenaki hutuliza maumivu kwa muda mfupi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, au shinikizo la damu, asizitumie bila ushauri wa daktari.

Nitajuaje kwamba tatizo halitoki kwenye kiungo chenyewe au mgongoni?

Maumivu ya kiungo cha nyonga kwa kawaida husikika kwenye kinena, na mtu hupata shida kuvaa soksi na viatu. Yanayotoka mgongoni huweza kushuka chini ya goti pamoja na ganzi. Ya kano za makalio huuma unapobonyeza ile nundu ya mfupa, na mara nyingi huamka ndani ya sekunde 30 za kusimama kwa mguu mmoja. Lakini ukiwa na homa, ngozi ya eneo hilo ikiwa nyekundu na ya moto, umepungua uzito bila sababu, au umeanguka na huwezi kuukanyagia mguu, usijaribu zoezi lolote kati ya haya. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.