Bosi wa kwenye katuni asiwe na jina

Juzi kaniandikia dada mmoja wa Chake Chake, kanitumia na katuni yake, kamchora mkuu wao wa kazi na lile pengo lake la jino, anauliza, "Kaka, niirushe kwenye grupu la ofisi?" Dada yangu, usirushe, mie yashanikuta.

Nilikuwa ofisi moja hapa mjini, siitaji. Kila Jumatatu kikao, na kikao chenyewe cha kupanga kikao, printa haina wino toka Ramadhani na ripoti inatakiwa leo leo. Nikamchora mkuu na kitambi chake na kofia yake ya viua ile ile, usiku nikarusha WhatsApp. Watu walichekaaa! Asubuhi hakuna hata mmoja alonisalimu, na wengine wameshafuta vicheko vyao. Wiki ya pili barua, nahamishiwa stoo, miezi minane nahesabu viti vibovu. Wallahi stoo nimeshaisamehe, wale wenzangu ndo bado wananiuma.

Huko stoo ndo nikaisoma vizuri Dilbert, ile katuni ya Kimarekani ya visa vya ofisini. Scott Adams aliianza 1989 akiwa mwajiriwa wa kampuni ya simu huko Marekani, Pacific Bell, na kazi hakuiacha mpaka 1995. 1993 akaweka anwani yake ya barua pepe ndani ya katuni, wafanyakazi wakammiminia visa vya ofisini kwao akawa hakaukiwi. Na yule bosi wa kwenye katuni yake, mwenye nywele zilochongoka pembeni, hana jina! Nilipoligundua hilo nikakaa kimya muda mrefu, maana mie niko Unguja na nilikuwa kila siku namuona mkuu wangu mle.

Sasa mie mkuu wangu wa kwenye katuni ni koti tu, limetundikwa kwenye kiti toka saa mbili asubuhi, mwenyewe hayupo, na watu wamepanga foleni na mafaili wanalisalimia shikamoo. Hiyo mpaka wakuu wenyewe wanatumiana.

Vijana wenzangu tuna kipaji lakini tuna hasira za haraka. Chora kikao, chora wino ulokwisha, chora posho isofika, kila mtu atajiona, mwili wa mtu muachie mwenyewe kaumbwa na Mungu. Na ukichora ilaze usiku mmoja kabla hujaitoa.

Dada, futa lile pengo, halafu nitumie tena.