Maswali na Majibu: Fedha za Kuwafundisha Watumishi wa Afya Tiba ya Magonjwa ya Ngono

Mimi ni muuguzi wa zahanati ya kijiji wilayani Bahi. Nasikia Serikali ya Marekani hutoa ruzuku za mafunzo ya tiba ya magonjwa ya ngono. Naweza kuomba?

Ruzuku hizo hutolewa chini ya kifungu cha 318 cha Sheria ya Huduma za Afya ya Umma ya Marekani, na hupewa majimbo na taasisi za huko, si mtu mmoja mmoja. Usipoteze muda nazo. Anza kwa mganga mfawidhi wako, mafunzo hayo yaandikwe katika mpango wa zahanati, ili Mganga Mkuu wa Wilaya ayaingize katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, ambao sehemu ya fedha zake hutoka Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani. Fanya hivyo kabla bajeti haijafungwa, kwani kisichoandikwa hakipangiwi fungu.

Kuna faida gani kulipia semina wakati zahanati yetu hapa Kongwa haina dawa?

Hoja yako ni ya haki, na jibu lake lilipatikana hapa hapa nchini. Katika utafiti uliofanyika mkoani Mwanza kuanzia 1991 hadi 1994, watumishi wa vituo vilivyokuwepo walifundishwa kutibu magonjwa ya ngono kwa kufuata dalili, wakapewa dawa za uhakika, tena wakatembelewa mara kwa mara na wasimamizi. Maambukizi mapya ya VVU katika jamii hizo yalipungua kwa takribani asilimia 40 yakilinganishwa na jamii ambazo hazijapata huduma hiyo. Mafunzo, dawa na usimamizi vilikwenda pamoja, na kwa maoni yangu halmashauri inayolipia kimoja na kuviacha viwili inatumia vibaya fedha ya wananchi.

Hata hivyo, usiyadharau mafunzo. Niliwahi kukaa katika chumba cha zahanati moja ambacho mlango wake ulikuwa kipande cha kitenge. Mama mmoja alisema anaumwa tumbo, akarudia hivyo mara tatu, mpaka muuguzi alipovuta kiti karibu na kumuuliza kwa sauti ya chini kama anatokwa na uchafu ukeni. Mama akainamisha kichwa, akaanza kueleza. Kuuliza namna ile hufundishwa. Dawa nazo hubadilika: kisonono kimekuwa sugu kwa siprofloksasini, hivyo aliyesoma zamani bila kurudi darasani aweza kuandika dawa isiyoponya.

Nasomea stashahada ya utabibu Dodoma. Je, nitapata ruzuku?

Kinachotolewa ni mkopo. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada, wakiwemo wa afya, mwaka wa masomo 2023/24, na mkopo huo hurejeshwa.

Nilipoanza kliniki ya ujauzito Chamwino nilipimwa kaswende, kisha muuguzi akataka nimlete mume wangu kliniki. Je, ameenda nje ya kazi yake?

Hapana, dada yangu, amefanya alivyofundishwa. Kaswende isiyotibiwa huweza kuharibu mimba au kumwambukiza mtoto tumboni, na sindano ya penisilini ya benzathini humkinga. Lakini kama umekutwa nayo na mumeo asipotibiwa, waweza kuambukizwa tena kabla hujajifungua. Nenda naye, hata kama hana dalili yoyote, na kama anaona aibu mwombe muuguzi azungumze naye peke yake.