Hofu ya Kwanza Iwe ya Karatasi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii liliuliza mwalimu anayehamia ng'ambo kufundisha Kiingereza aogope nini zaidi kuhusu usalama wake. Kwa kuwa nilifundisha Thailand, katika shule ya mkoani iliyo mbali na Bangkok, na kwa kuwa tangu nirudi Nakuru vijana waliomaliza chuo hawaachi kuniuliza jambo hilohilo, naomba nafasi ya kujibu kwa kirefu. Nitajifunga na Thailand, kwa sababu ndiyo niijuayo, na kwa sababu huwavuta walimu wengi wa Afrika Mashariki ambao milango ya baadhi ya nchi nyingine za Asia imefungwa kwao kwa kigezo cha uraia. China, kwa utaratibu wake wa kawaida, huwapa vibali vya kufundisha Kiingereza raia wa nchi ambazo lugha hiyo ni ya kuzaliwa, hivyo Mkenya au Mtanzania anayefundisha huko kwa viza ya masomo au ya biashara anavunja sheria ambayo adhabu yake ni faini na, kosa likionekana zito, kuwekwa kizuizini kati ya siku 5 na 15.

Wengi wanaoniuliza huanza na wizi, na mtaa wa usiku, na kama ngozi nyeusi itamletea mtu kisirani njiani. Hayo nitayagusa, lakini kwa maoni yangu yanakuja nyuma sana. Hofu ya kwanza iwe ya karatasi: umeingia kwa viza gani, kibali cha kazi kina jina la mwajiri yupi, na pasipoti yako inalala wapi. Nasema hivi kwa sababu dhara lolote linaloweza kumpata mwalimu ugenini, awe amenyimwa mshahara, amegongwa na pikipiki au ameingiliwa chumbani na mwenye nyumba, humlazimu hatimaye kusimama mbele ya ofisa na kujieleza, na ofisa huyo huanza kwa kuomba pasipoti. Asiye na kibali humwogopa polisi kuliko anavyomwogopa aliyemdhuru, na wanaoishi kwa kuwanyonya walimu wanalijua hilo vizuri.

Utaratibu wenyewe si wa siri. Mwalimu wa kigeni Thailand anatakiwa awe na shahada, viza ya aina ya Non-Immigrant B, kibali cha kazi kinachotolewa na Wizara ya Kazi, na ama leseni ya ualimu ama ruhusa ya muda kutoka Baraza la Walimu la nchi hiyo, ambalo wenyeji huliita Khurusapha. Sisi tusiohesabiwa kuwa wazawa wa Kiingereza kwa kawaida huombwa pia matokeo ya mtihani wa lugha. Inaudhi, hasa kwa mtu aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, lakini afadhali kuufanya mtihani huo kuliko kumtafuta wakala anayejigamba kwamba kwake hauhitajiki. Cheti cha tabia njema nacho kichukuliwe nyumbani kabla ya safari, maana kukifuatilia ukiwa ng'ambo ni usumbufu mtupu.

Matatizo huanzia pale wakala anaposema, njoo kwa viza ya utalii, mengine tutayatengeneza hapahapa. Haki itendeke: wapo wanaotimiza ahadi hiyo. Shule huandaa barua, mwalimu huvuka hadi Vientiane au Savannakhet nchini Laos, akaomba viza ya kazi kupitia ofisi ya ubalozi wa Thailand, akarudi akiwa na karatasi safi. Lakini wapo pia wanaomwingiza mwalimu darasani wiki ileile aliyotua, wakaacha siku za viza zikayoyoma, na kila akiuliza huambiwa kwamba mkurugenzi yuko safarini. Muda ukishapita, kila siku ina faini ya baht 500 (baht ndiyo sarafu ya huko) hadi kikomo cha baht 20,000. Anayekamatwa kabla hajajisalimisha, ikiwa amepitiliza kwa muda usiozidi mwaka, hupigwa marufuku kuingia tena nchini kwa miaka 5, na aliyezidisha mwaka ni miaka 10. Kufanya kazi bila kibali kuna faini yake ya kati ya baht 5,000 na 50,000, pamoja na kurudishwa kwenu. Wakala aliyemfikisha mtu hapo hana haja ya kumtishia kwa lolote, kwa kuwa akimkata nusu ya mshahara hakuna mahali pa kumshtaki.

Hata aliye halali hana budi kujua kwamba kibali chake kimefungwa kwa mwajiri aliyeandikwa humo, na kwamba ruhusa yake ya kukaa nchini hukoma pamoja na kazi. Ndiyo maana nawasihi walimu, hasa wanawake, wasiende bila nauli ya kurudi iliyowekwa mahali ambapo mwajiri hawezi kuigusa. Mwenye nauli anaweza kuondoka siku ile ile mkuu wa idara anapoanza kumbishia hodi usiku, ilhali asiye nayo atavumilia hadi mwisho wa muhula.

Kuhusu pasipoti, msimamo wangu ni mkali kuliko wa wenzangu wengi. Karani wa shule anaweza kuihitaji kwa shughuli ya Uhamiaji, na hilo ni la kawaida. Aichukue asubuhi, airudishe jioni, na wewe ubaki na picha yake kwenye simu. Shule inayosema inazihifadhi pasipoti za walimu kwenye sefu kwa usalama wao imekwisha kukuonyesha inavyokutazama. Cheti halisi cha shahada nacho kisilale kwa wakala. Ofisi za Thailand hudai nakala nyingi, kila moja ikiwa na saini ya mwenyewe, na wenyeji wana desturi nzuri ambayo niliiga tangu mwanzo: huchora mistari miwili ya mshazari juu ya nakala, na katikati yake wakaandika kwa kalamu ya bluu kazi iliyokusudiwa na tarehe, mathalani "kwa maombi ya kibali cha kazi tu". Nakala iliyoandikwa hivyo si rahisi kutumiwa kufungulia akaunti ya benki au kusajilia laini ya simu kwa jina lako.

Nafika sasa kwenye jambo linalonikosesha usingizi zaidi, nalo ni kazi ambayo haipo kabisa. Kuanzia mwaka 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya raia dhidi ya matangazo ya kazi za Thailand ambayo huishia Myanmar, katika makambi yaliyozungushiwa ukuta karibu na mji wa Myawaddy, ambako watu hulazimishwa kuwatapeli wengine mtandaoni na hupigwa wasipofikisha kiwango. Mwezi Februari mwaka 2025 Thailand ilikata umeme, mafuta na intaneti iliyokuwa ikivuka mpaka kwenda maeneo hayo, na katika wiki zilizofuata maelfu ya watu wakatolewa, wakiwemo Waethiopia wengi na Wakenya. Wengi wa walionaswa walikuwa watu wenye elimu, wanaojua Kiingereza na kompyuta, yaani watu wa aina ileile inayotafuta kazi ya ualimu.

Dalili zake zinaonekana mapema kwa anayetazama. Shule halisi humuuliza mwalimu kuhusu shahada, umri wa watoto aliowahi kuwafundisha, na mara nyingi humtaka atoe somo fupi kwa video. Mtapeli hutaka kujua unapiga chapa maneno mangapi kwa dakika. Shule ina mkoa, wilaya, jina lililoandikwa kwa Kithai, na simu ya mezani inayopokelewa na mtu asiyejua Kiingereza vizuri. Mtapeli ana namba ya WhatsApp na tiketi ambayo tayari amekulipia. Kijana mmoja aliniletea mkataba wa "mwalimu na huduma kwa wateja", mshahara mara tatu ya ule wa shule za kawaida, makazi na chakula bure, kituo cha kazi hakikutajwa. Nilimwambia, "Mdogo wangu, shule gani hii isiyo na kijiji?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Madam, lakini tiketi imeshatumwa." Tiketi hiyo ndiyo iliyopaswa kumtisha, kwa sababu shule za mikoani huko, kwa jinsi nilivyozijua, hazimtumii mtu tiketi kabla ya kumwona uso.

Kwa atakayekwenda hata hivyo, namwomba asome ramani kabla ya kupanda ndege. Anayepelekwa Chiang Mai kwa gari kutoka Bangkok huelekea kaskazini kwa barabara namba 1, akapita mji wa Tak na kuendelea Lampang. Gari likifika Tak likakata kushoto kufuata barabara namba 12 inayopanda milima, linakwenda Mae Sot, na Mae Sot imetenganishwa na Myawaddy na Mto Moei tu. Mae Sot yenyewe ni mji wa watu wa kawaida, una shule na walimu wa kigeni, lakini kama si huko ulikoajiriwa, shuka kwenye kituo cha mafuta palipo na watu, ingia dukani, na upige 191, namba ya polisi. Mizigo iache iende.

Kuna na mikoa ya kuifikiria mara mbili hata kazi ikiwa ya halali. Pattani, Yala na Narathiwat, kusini kabisa, zimekuwa na uasi wa kutumia silaha tangu Januari 2004, watu zaidi ya 7,000 wameuawa, na walimu na shule wamekuwa miongoni mwa walengwa, kiasi cha wanajeshi kuwasindikiza walimu kazini. Naitaja kwa ajili ya ndugu zetu wa Pwani na Zanzibar, kwa kuwa Waislamu ndio wengi katika mikoa hiyo, chakula cha halali hakina shida na adhana husikika, na mwalimu Mwislamu anaweza kuvutwa na hayo kabla hajauliza mengine. Mpakani na Kambodia, mikoa ya Surin, Sisaket na Ubon Ratchathani ilipigwa makombora Julai 2025 na shule zikafungwa. Ramani ya kazi itazamwe pamoja na habari za mwaka unaosafiri.

Maisha ya kila siku yana hatari zake ndogo, na kubwa kati ya hizo ndogo ni pikipiki. Mtaani kwangu huko Thailand ningetembea saa nne usiku bila wasiwasi ambao ningekuwa nao mjini kwetu. Barabarani mchana ndiko nilikokuwa nikiomba Mungu. Waendesha pikipiki ndio wengi miongoni mwa wanaokufa katika ajali za Thailand, na mgeni anayeendesha bila leseni ya pikipiki (ya gari haitoshi) hugundua hospitalini kwamba bima imekataa kulipa. Mbwa wa mitaani nao wapo, na kichaa cha mbwa kipo. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Weusi wetu huleta macho mengi, maswali ya watoto, na kusimamishwa kwa ukaguzi mara nyingi kuliko Mzungu, jambo ambalo linachosha na ambalo linanirudisha kwenye karatasi, maana mwenye kibali halali humaliza ukaguzi kwa dakika chache.

Ulimi pia uchungwe. Kuitukana familia ya kifalme ni kifungo cha kati ya miaka 3 na 15 kwa kila kosa. Kashfa ni kosa la jinai, na ikichapishwa, mtandaoni ikiwemo, kifungo chaweza kufika miaka 2. Kwa hiyo mwalimu aliyedhulumiwa asikimbilie kumwanika wakala wake kwenye Facebook akiwa bado ndani ya nchi, hata kama kila neno lake ni kweli. Apeleke malalamiko ofisi ya kazi ya mkoa, akiwa na mkataba na risiti za benki mkononi.

Nimalizie kwa wanaobaki nyumbani, kwani mara nyingi wao ndio huokoa. Wakala wa Kenya atafutwe kwanza kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na Mtanzania aulize TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Mtu mmoja wa familia awe na nakala ya pasipoti, viza, tiketi, mkataba, na anwani ya shule kwa Kithai, na kuwe na siku maalumu ya kupigiana simu. Mama na mimi tulikuwa na swali letu: aliuliza kama shangazi wa Molo amepona. Jibu la "amepona" lilikuwa la heri. Kama ningesema bado amelazwa, yeye asingeniuliza lolote zaidi, kwa sababu huenda simu ilikuwa ikisikilizwa; angeagana nami kama kawaida, kisha angewasiliana na Wizara ya Mambo ya Nje jijini Nairobi na ubalozi wetu wa Bangkok, akiwa na nakala zote mezani. Aliye ndani ya Thailand na anaweza kushika simu apige 1300, namba ya serikali ya huko inayopokea taarifa za biashara haramu ya binadamu, na aanze kwa kutaja mahali alipo, hata kabla ya jina lake.