Barua kwa mwanangu kuhusu kozi ya chuo kikuu uliyoombwa kufundisha

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama kozi za chuo kikuu zinazofundishwa na walimu wa sekondari ni za chuo kikuu kweli, au ni kozi za sekondari zilizovikwa joho, kwa kuwa mkuu wa shule yako anakutaka ufundishe uandishi wa mwaka wa kwanza kwa wanafunzi wa darasa la 12, na chuo kikuu jirani ndicho kitakachotoa krediti, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kwenye shahada. Swali hilo lina jibu fupi, nami nalitoa upesi. Zinaweza kuwa za chuo kikuu kweli, endapo idara husika inamwidhinisha mwalimu na muhtasari wake wa kozi, mhadhiri anafika darasani kuona kinachoendelea, na insha zinapimwa kwa vigezo vile vile vinavyotumika chuoni. Wala si jambo la jana. Hapa Marekani, Chuo Kikuu cha Connecticut kilianza kutoa kozi za namna hii mwaka 1955, na kile cha Syracuse kilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya wakuu wa elimu wa eneo lile kulalamika kwamba wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wamekwisha kutimiza masharti yote na sasa wanakaa bure.

Ila ninavyokufahamu, hilo silo linalokukosesha usingizi. Unataka kujua utakuwa mwalimu wa nani: wa shule inayokulipa mshahara, au wa chuo kikuu ambacho jina lake litakuwa juu ya rekodi ya matokeo. Hapo narudi kwenye neno langu ambalo wewe na dada yako mlizoea kulimalizia kabla sijalimaliza, kwamba kozi ni anayesahihisha. Katika ule mfumo mwingine wa kutafuta krediti za chuo ukiwa sekondari, wa Advanced Placement, mwanafunzi hukaa kwenye mtihani mmoja mwezi wa tano, watu wasiomjua wakampa alama kati ya 1 na 5, na mwalimu wake akabaki upande wake, akimwombea. Katika mfumo unaoitiwa wewe hakuna mgeni wa kubeba lawama. Kazi ya muhula mzima inapita mikononi mwako, na unachoandika ndicho kinachoingia katika rekodi ya chuo kikuu.

Unaukumbuka mwaka ule niliporejea shule na meza ya jikoni ikawa yangu peke yangu kila Jumanne. Sidhani kama niliwahi kuwaeleza vizuri kilichotokea. Nilikuwa nimeifundisha kozi ile kwa miaka mingi, nikiwa na shahada ya uzamili katika elimu, na hakuna aliyewahi kuitilia shaka. Mwaka 2015 chombo cha ithibati cha vyuo vya majimbo yetu kikafafanua kanuni yake: anayefundisha kozi ya chuo awe na uzamili katika somo lenyewe, au, kama uzamili wake ni wa fani nyingine, awe na angalau krediti 18 za ngazi ya uzamili katika somo hilo. Krediti zangu nyingi zilikuwa za elimu, za lugha zilikuwa chache mno. Vyuo vilivyoomba viliongezewa muda, kutoka 2017 hadi 2022, lakini barua niliyoipata mimi haikuzungumzia muda wala miaka niliyofundisha. Ilikuwa na jedwali lenye safu ya krediti zinazotakiwa, safu ya krediti nilizo nazo, na ya tatu, ya upungufu, ambamo waliandika tarakimu yangu kwa wino mzito. Barua ile ninayo hadi leo, na baba yako ameshakata tamaa ya kunishawishi niitupe.

Nikajiandikisha masomo ya jioni. Kwenye semina ya kwanza aliketi karibu nami kijana mmoja mpole, aliyekuwa anaanza uzamili wake, na katika mazungumzo nikagundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akifundisha kozi ile ile, pale pale chuoni, chini ya usimamizi wa mhadhiri. Yeye krediti 18 hakuwa nazo bado, na kanuni ilimruhusu kwa sababu ya usimamizi. Wakati wa mapumziko akaniuliza, kwa heshima kabisa, afanyeje na mwanafunzi anayehudhuria kila kipindi lakini haleti kazi. Nilimjibu kadiri nilivyojua, kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia, naye akaandika yote kwenye daftari. Nilirudi nyumbani nikicheka, kisha nikakasirika upya.

Hata hivyo sitaki nikuhadithie kana kwamba kanuni ile haikuwa na maana. Mhadhiri wa semina ile alikuwa akirudisha insha zetu zikiwa na swali moja tu ubavuni, kwa penseli: «Unabishana na nani hapa?» Nikalichukua swali lile nikaenda nalo darasani kwangu, na wanafunzi waliokuwa wakiniletea kurasa safi zisizo na hoja walianza kuleta kurasa chafu zenye hoja. Je, ningelipata bila kulazimishwa? Pengine. Je, ilikuwa haki kulipata kwa njia ile, kwa ada ile, baada ya miaka yote ile? Hapana, na hapo sijalegea. Lakini wanafunzi walinufaika, kwa hiyo pengine haki yangu si kipimo. Mimi mwenyewe sijaelewana na nafsi yangu juu ya jambo hili.

Wewe una uzamili wa somo lenyewe, hivyo safu ya upungufu haitakuhusu. Litakalokuhusu ni kijana unayemfahamu tangu darasa la tisa, unayejua kwamba anawalea wadogo zake jioni, na ambaye insha zake zinastahili C. Darasani kwako C ile ni mwanzo wa mazungumzo, lakini chuoni ni rekodi ya kudumu. Akitaka kuwa daktari baadaye, ombi lake la kujiunga na masomo ya udaktari litadai rekodi za kila chuo, zikiwemo za kozi alizosoma akiwa bado sekondari. Ukimpandishia alama kwa huruma, umemwibia aliyeistahili, na chuo kikuu kitakachompokea kitamweka kwenye kozi inayofuata akiwa hajaiva. Kozi ni anayesahihisha, mwanangu, na anayesahihisha ndiye atakayekutana na mama wa kijana yule mlangoni.

Usiwaahidi wazazi kwamba krediti zitapokelewa kila mahali. Dada yako alipokewa zote katika chuo kikuu cha jimbo. Binamu yenu, aliyekaa darasa lile lile na mwalimu yule yule, akaenda chuo binafsi kisichotambua kozi zilizofundishwa ndani ya jengo la sekondari, akaianza upya. Mjomba wenu ananilaumu mimi mpaka leo, ingawa sera ile ilikuwa imeandikwa wazi.

Unataka niseme ukubali au ukatae, na ulimi unaniwasha. Nitajizuia kwanza, kwa sababu hujaniambia idadi ya wanafunzi watakaokuwa darasani, wala kama wasiojiandikisha kwa krediti watachanganywa na waliojiandikisha, jambo ambalo shule hulifanya ili kujaza viti na ambalo humlazimu mwalimu kufundisha kozi mbili kwa saa moja. Muulize mratibu wa chuo kikuu tarehe ya mwisho ya mwanafunzi kujiondoa, na kama itafika kabla hujarudisha insha ya kwanza iliyosahihishwa. Kama itafika kabla, basi nina la kusema, tena kwa sauti kubwa. Niandikie ukishapata jibu, na unitumie muhtasari wa kozi yao niusome.

Mama yako